Mlezi wa Mbu

Mtaani kwao wanamwita Mama Mbu, na wala hanuni. Ana watoto watatu wa kuwazaa mwenyewe, wote watu wazima, wote wana majina mazuri tu, lakini nani anayakumbuka? Mwanamke akishaajiriwa kulea mbu, hata angezaa mawaziri watupu, jina limeshamganda.

Kazini kwake ni kituo cha utafiti kilicho nyuma ya hospitali, jengo la ghorofa moja lenye bati la kijani. Mwisho wa korido kuna chumba wanachokiita nyumba ya mbu. Unaingia kwa milango miwili, na katikati kuna pazia la chandarua, ili anayetoka asitoke na mgeni mgongoni. Ndani kuna joto la kukufanya uilaani soksi uliyoivaa, hewa nzito, na harufu ya maji yaliyolala pamoja na chakula cha samaki, kile cha ungaunga. Mabeseni meupe yamepangwa kwenye rafu, na ndani yake viluwiluwi vinajinyonganyonga. Upande wa pili kuna maboksi ya chandarua, kila boksi limeshonewa mkono wa kitambaa, kama mkono wa shati, ili uweze kuingiza mkono wako bila wenyeji kutoroka. Halafu kuna ule mlio. Wageni wakiusikia huanza kujikuna kabla hawajaguswa na yeyote.

Mama Mbu yeye huingia humo kila asubuhi kama anayeingia jikoni kwake. "Hamjambo wanangu? Mmelalaje?" Viluwiluwi anawanyunyizia unga wao wa samaki kidogo kidogo, kwa ncha za vidole, kwa sababu ukizidisha maji yanachacha na wanakufa. Waliokwisha kuota mabawa anawabadilishia pamba yenye maji ya sukari. Anawaongelesha, anawagombeza, anawasifu. Wasomi wa kituo walikuwa wakimcheka mwanzoni. Siku hizi na wao wanawasalimia, ila kwa sauti ya chini.

Alianza pale kama mfagizi, na wiki yake ya kwanza nusura iwe ya mwisho. Mwanamke huyu tangu utotoni amesikia wimbo mmoja tu kutoka kwa redio, walimu na mabwana afya: maji yaliyotuama mwaga. Sasa siku hiyo anapiga deki korido, akakuta mlango umeachwa wazi, akachungulia. Mabeseni kwa mabeseni ya maji machafu, na mbu wanaota ndani! Alishika kiuno. Watu wazima, wamesoma mpaka nje, wanakaa na uchafu kama huu? Akajifunga kibwebwe. Alipomaliza, mabeseni yote yalikuwa yamesuguliwa kwa sabuni, yamefunikwa kifudifudi yakauke, na chumba kinanukia kama wodi ya wazazi.

Mtafiti aliyekuwa akiwalea mbu wale alikuwa msichana aliyetoka masomoni juzijuzi tu. Alipofungua mlango alikaa chini sakafuni, akalia kama mtoto. Mkuu wa kituo akaitisha watu wote.

"Nani amemwaga mabeseni?"

"Mimi," akasema mfagizi mpya, kifua mbele, akisubiri kushukuriwa. "Yalikuwa yamejaa mbu!"

Kuna kicheko kinachomtoka mtu katikati ya kilio bila ruhusa yake, na ndicho kilichomtoka yule msichana. Mchana huohuo alimshika mfagizi mkono, akamkalisha mbele ya hadubini, akamwonyesha alichokuwa amemwaga. Mama Mbu aliinama pale akakaa, akakaa, mpaka shingo ikamuuma. Hakujua kwamba kitu alichokipiga vibao maisha yake yote kina nywele, kina mistari, kina macho kama kichungi cha chai. Tangu siku hiyo ufagio alipewa mtu mwingine. Yule msichana sasa ndiye anaongoza kikosi kizima na anaitwa Daktari, na yeye mpaka leo anamwita mfagizi wake Mama.

Nyumbani kazi hii imeleta vituko. Mume wake ni fundi baiskeli, mtu wa maneno mengi, na huwaambia wateja kwamba yeye ndiye mwanamume pekee aliyeolewa uke wenza na mbu. Jioni mbu akitua ukutani, fundi huinua ndala.

"Subiri!" Mama Mbu anaruka na glasi. "Ngoja nimwone kwanza."

"Umwone nini? Ni mbu!"

"Ni dume, baba. Tazama ndevu zake. Huyu hana habari na wewe."

"Mimi nina habari naye," fundi husema, lakini ndala anaishusha.

Na kweli dume ana ndevu, au tuseme antena zenye manyoya mengi kama brashi ya kusugulia chupa. Jike antena zake ni nyembamba, za heshima. Dume maisha yake yote ni mtu wa sukari, ananyonya maua na kutafuta mchumba. Anayehitaji damu ni jike peke yake, ili mayai yake yakomae. Hayo si mapya, yanajulikana toka zamani. Jipya ni lile lililoleta kazi ninayotaka kuisimulia.

Lilianza na mbu waliokataa kubeba malaria. Watafiti walikuwa wakikusanya mbu kwenye madimbwi, wakaona kuna wengine, hata wapewe damu yenye vimelea, malaria haishiki ndani yao. Mtafiti akishangaa lazima apasue kitu, basi wakawapasua. Humo tumboni wakakuta kijidudu cha jamii ya kuvu, kidogo kuliko unavyoweza kufikiria, kimejikalia kimya. Mbu mwenyewe hakimdhuru, anaruka, anakula, anazaa. Lakini vimelea vya malaria vikiingia havipati pa kukaa. Mama Mbu huwaeleza watu hivi: ni kama chumba kilichokwisha kupata mpangaji, jambazi akija na mizigo yake anakuta kufuli. Ukimuuliza Daktari kufuli lenyewe ni la namna gani, atakwambia, "Hilo bado hatulijui vizuri." Anasema hivyo mbele ya watu, bila aibu, na hiyo ni moja ya sababu Mama Mbu anampenda.

Uzuri ni kwamba mpangaji huyo anarithiwa. Mama humpa mtoto kupitia yai, na dume humpa jike wakikutana. Sasa fikiria. Ukiwalea madume wenye mpangaji, ambao hawawezi kumuuma mtu hata wakitaka, ukawafungulia mtaani wakatafute wachumba, watoto watakaozaliwa watakuwa na mpangaji, na wajukuu pia. Mbu wabaki, malaria ikose usafiri. Mimi nikiliwaza jambo hili huwa nasimama kidogo, maana binadamu tumewapiga mbu kwa moshi, kwa dawa na kwa ndala, na haikutupitia akilini kuwatuma posa.

Kikosi cha Daktari kilitaka kulijaribu hilo, na mtaa uliopendekezwa kuwa wa kwanza ulikuwa mtaa wa Mama Mbu, ulioko bondeni, wenye mitaro isiyokauka. Sharti lilikuwa moja: hafunguliwi mbu hata mmoja mpaka wakazi wenyewe waseme ndiyo. Na ili waseme ndiyo, ilibidi waone kwa macho yao kwamba madume hawaumi. Boksi lingeletwa kwenye ukumbi wa shule, na mtu angeingiza mkono mbele ya wote. Mtu mwenyewe alijulikana hata kabla ya kutajwa.

Kuwachagua hao madume ndiyo kazi inayomtoa Mama Mbu jasho. Anawachagua wakiwa pupa, yaani kiluwiluwi akishajikunja na kutulia kabla ya kuota mabawa. Anamchukua mmoja mmoja kwa brashi laini, anamlaza chini ya hadubini, anamtazama mkiani. Tofauti ya dume na jike pale ni ndogo kama ncha ya sindano. Dume kulia, jike kushoto, dume kulia, jike kushoto, mpaka macho yanaanza kuona mikia hata kwenye punje za wali.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye Mama Mbu alitaka aje ukumbini kuliko wote, na ndiye aliyekuwa hataki kuja. Dada yake mkubwa. Anaishi nyumba ya pili kutoka kwake, anashona sare za shule, na cherehani yake huisikii ikinyamaza. Dada alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, mtundu, mwenye kicheko cha kuamsha nyumba. Alishikwa na homa akiwa anacheza, na Mama Mbu ndiye aliyembeba begani kumkimbiza hospitali. Hakurudi. Malaria ilikuwa imepanda kichwani.

Miaka ikapita, mdogo mtu akapata ile kazi. Siku dada aliposikia ni kazi gani, alikuja mpaka mlangoni, hakuingia.

"Walimuua mwanangu," akasema, "na wewe unawalea. Unawapa na sukari."

Baada ya hapo zilibaki salamu za barabarani tu, umeamkaje, nimeamka salama, kila mtu na njia yake. Mama Mbu aliumia kuliko alivyoonyesha. Alijua kwa nini alikubali kuinama kwenye ile hadubini mwaka baada ya mwaka, na mtu pekee aliyetaka kumwambia sababu hiyo alikuwa hasikilizi. Kwa hiyo siku ya ukumbini alikuwa na matumaini mawili, mtaa ukubali na dada yake aelewe, na ungembana angekiri kwamba la pili ndilo lililomnyima usingizi.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Fundi baiskeli alikuwa ameahidi kumleta shemeji yake hata kwa kumbeba, na kwa maneno yake mengi alimleta. Dada alikaa karibu na dirisha, mkoba mapajani, kama mtu atakayeondoka wakati wowote. Mbele kabisa alijipanga kinyozi wa mtaa, ambaye kila anayekaa kwenye kiti chake alikuwa ameshaelezwa kwamba mbu hawa ni njama.

Daktari alieleza kwa upole, kwa maneno yanayoeleweka. Alikuwa hajafika mbali kinyozi akasimama.

"Daktari, maneno tumeyasikia. Kama hawaumi, ingizeni mkono."

"Ndicho tulichokuja kufanya, kaka," Daktari akajibu, na watu wakacheka.

Mama Mbu akakunja mkono wa blauzi, akauingiza kwenye boksi. Mbu wakapaa, wakazunguka, wakaanza kutua. Mmoja kwenye kidole, wawili kwenye kiganja, kundi zima kwenye mkono. Waliokuwa nyuma wakasimama juu ya viti. Mama mmoja akaziba macho ya mwanawe, kisha akachungulia yeye. Mama Mbu alikuwa akitabasamu, anatembeza macho ukumbini mpaka dirishani, na dada yake alikuwa anatazama. Kwa mara ya kwanza alikuwa anatazama.

Ndipo akasikia kitu karibu na kifundo cha mkono. Kitu kidogo, kama uzi unaopita kwenye kitambaa. Mtu mwingine angedhani ni mtekenyo tu. Yeye zamani, kabla kituo hakijanunua mashine ya kuwapashia mbu damu, alikuwa akiwalisha majike kwa mkono wake mwenyewe, na mchomo huo anaujua kama anavyojua hodi ya mumewe. Akainamisha macho. Miongoni mwa ndevu zote zile kulikuwa na mmoja asiye na ndevu, kichwa chini, tako juu, tumbo linaanza kuwa jekundu.

Hakuna aliyeona. Angeweza kutoa mkono taratibu, akashusha blauzi, akapigiwa makofi. Kivimbe kingetokea baadaye, akiwa kwake, na nani anahesabu vivimbe vya Mama Mbu? Daktari alikuwa amesimama pembeni, uso umeng'aa, kazi ya ujana wake wote iko ndani ya lile boksi. Na dada yuko dirishani.

"Nimeumwa," akasema.

Mtu akauliza kutoka nyuma: "Amesema nini?"

"Nimesema nimeumwa. Humu ndani kuna jike."

Basi tena! Ukumbi uliwaka. "Si nilisema?" kinyozi alikuwa akiwageukia watu huku na huku, "si nilisema mimi?" Viti vilianguka. Kuna waliokimbilia mlangoni kana kwamba boksi litalipuka. Fundi baiskeli alisimama kutuliza watu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakupata la kusema. Mama Mbu yeye hakutoa mkono, maana angeutoa ghafla angewatoa na wengine. Alingoja yule jike ashibe, ajitoe mwenyewe, ndipo akautoa mkono wake na kuuinua juu watu waone alama.

"Naomba mnisikilize," akasema. "Hawa nimewachagua mimi, mmoja mmoja. Huyu nilimwona dume, kumbe jike. Kosa ni langu, si la Daktari wala la mwingine yeyote. Malaria hana, kwa sababu mbu hazaliwi na malaria, anaichukua kwa mgonjwa, na huyu hajawahi kumgusa mtu ila mimi sasa hivi. Lakini nilikwambieni hawataumwa watu, na nimeumwa. Sitaki mje kuambiwa na mwingine."

Alimtazama Daktari, akitegemea kukuta uso umekunjamana. Daktari alikuwa ameuma mdomo, lakini alikuwa anamsogezea mrija wa kunasia mbu na kioo cha kukuzia. Mama Mbu akamnasa yule jike, akamtia kwenye kichupa, na kwenye kichupa kingine akatia dume. Vichupa vikapita safu kwa safu pamoja na kioo. Zogo likapungua lenyewe, kwa sababu mtu hawezi kupiga kelele na kukodoa jicho kwa wakati mmoja. Kinyozi alivishika kuliko wote, akavigeuzageuza kwenye mwanga.

"Kumbe hawa wana ndevu kweli," akanung'unika. "Tena zinahitaji kupunguzwa."

Kicheko kilichofuata kiliwarudisha watu kwenye viti. Daktari akasema leo hataomba jibu la mtaa. Watarudi kituoni, kila boksi litapitiwa na watu wawili, na watakuja tena wakiitwa. Wakati anasema hayo, Mama Mbu alikuwa amelipeleka boksi karibu na mlango kwenye mwanga, anawapitia waliobaki mmoja mmoja, midomo inacheza, jasho linamtoka. Aliona aibu, tusidanganyane. Alikuwa akijua amewachelewesha wenzake, na hakuthubutu kutazama upande wa dirisha.

Alipolirudisha boksi mezani, dada yake alikuwa amekwisha kusimama. Alipita katikati ya viti, mkoba kwapani, watu wakimpisha, maana hakuna mtaani asiyejua habari ya mwanawe. Akafika mezani.

"Umewaangalia wote?"

"Nimewaangalia wote, dada."

"Hakuna jike mwingine?"

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja, na Mama Mbu alitamani sana kulisema neno hilo. "Sijaona mwingine," akajibu. "Lakini hata yule sikumwona mara ya kwanza."

Dada alimtazama usoni, akamtazama kwa muda mrefu, kama anayekagua mshono. Kisha akaweka mkoba chini. Akakunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko, akauingiza kwenye boksi.

Mbu wakapaa, wakatua. Dada alifumba macho. Mkono wake wa pili ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa meza, kwa hiyo machozi yalipoanza kumtoka hakuwa na wa kuyafuta, na hakuona haya.

"Wananitekenya tu," akasema.

"Ni miguu yao, dada."

"Na huyo mpangaji wenu. Kama angekuwepo wakati ule, mwanangu angepona?"

Mama Mbu pia alikuwa analia. "Sijui, dada. Pengine asingeugua kabisa."

Dada akatikisa kichwa polepole. Hakutoa mkono.

"Basi walee," akasema. "Walee, mdogo wangu. Walee wengi."